Deni la Mabango Hamsini

Mheshimiwa Dadi Nankuta,
mimi ni yule wa steshenari, jirani na stendi ya Newala,
mlango wa kijani, printa inayokohoa.
Sura yako naijua kuliko mkeo:
nimeitoa mara elfu tatu na hamsini
na kingo zake nikazikata kwa mkasi.

Mara ya kwanza ulikuja kwa miguu,
mfuko wa rambo umejaa sarafu
na noti zinazonuka mafuta ya korosho.
Nyuma yako mama yako, Bi Somoe,
shingo imezama mabegani
kwa miaka ya ndoo, toka bondeni mpaka huku juu,
lita ishirini, na jua likimsukuma mgongoni.
Wamechanga, ukasema. Kilo moja moja kila nyumba.
Aliyekosa kilo katoa kuku.
Mabango hamsini, wino mweusi tu;
nikahesabu, zikapungua elfu sita na mia tano.
"Andika deni," ukasema, "nikirudi toka Dodoma."
Nikaandika.

Tulikusikia redioni siku ya swali la maji.
Ulitaja ndoo. Ulitaja shingo ya mama, jina ukalimeza.
Hapa dukani fotokopi zilisimama.
Fundi cherehani wa kibarazani alilia, akasingizia vumbi.
Serikali ikajibu: upembuzi yakinifu unaendelea.
Bado unaendelea.

Juzi Mwalimu Mkoyogole, mstaafu,
kaniletea flashi: Hansadi za miaka mitano,
kachambua maneno yako peke yake, nimchapie.
Nikaandaa rimu nzima.
Zikatoka kurasa saba.
Tukasoma, yeye na miwani, mimi na wino vidoleni:
swali moja la maji,
rambirambi mbili,
pongezi kwa timu ya mpira,
"naunga mkono hoja" mara kumi na nne.
Na siku ya muswada wa tozo,
ule wa kumega kila kilo kabla mkulima hajaiona bei,
mkaitwa majina, mmoja mmoja.
Nankuta: Ndiyo.
Herufi tano. Mwalimu alizigusa moja moja kwa ncha ya kalamu.

Mimi sikushangaa sana. Nina daftari.

Mara ya pili hukuja wewe.
Ilikuja pikapu, na bahasha ya kaki iliyotuna:
mabango elfu tatu, ya rangi, karatasi ya kung'aa.
Risiti niandike nani? Kijana akatazama dari.
"Andika Wapenda Maendeleo."
Pikapu ile naijua. Ndiyo ipitayo vijijini usiku
ikinunua kangomba, bakuli kwa bakuli, kabla ya mnada,
kwa mwenye mgonjwa,
kwa mwenye mtoto aliyefaulu na godoro la bweni hana.
Nikaandika Wapenda Maendeleo.
Printa hii niliinunua kwa pesa ile. Sifichi.

Leo kijana karudi. Anaitwa Chitanda, ameota kitambi.
Picha mpya: wewe na suti,
na nyuma yako bomba linamwaga maji
ambayo sijui mmeyapiga picha wapi.
"Elfu tano. Ijumaa ziwe tayari."
Daftari lilikuwa wazi, akaona ukurasa wa zamani,
akacheka. "Na haka kadeni? Nakamaliza sasa hivi."
Akachomoa noti ya elfu kumi.

Nikaweka kiganja juu ya ukurasa.
Mabango nitachapa, Mheshimiwa; nina kodi ya chumba
na bili ya umeme ambayo haisikilizi siasa.
Lakini lile deni lina kilo za watu ndani yake,
lina kuku wa mjane wa Mnyambe,
halilipwi na pikapu.

Elfu sita na mia tano.
Njoo mwenyewe, kwa miguu, mchana.
Chenji ninayo.